Bodi ya RISC-V inaleta "Illegal instruction" kwenye programu moja tu, zingine zote zinapiga kazi. Mbovu bodi au mbovu mimi?

feni_mbili aliandika:

Salaam wakuu. Leo siku ya tatu nimekwama, nimeshasoma kurasa za Kichina kwa kutafsiriwa na simu mpaka macho yanauma, naomba yeyote aliyewahi kushika hivi vitu anitoe.

Iko hivi. Nina bodi ya RISC-V (kompyuta ndogo, prosesa yake inafuata standadi ya wazi ya RISC-V badala ya Intel au Arm), kori nne za aina ya U74, RAM giga 8. Nimeiwekea Linux ya Debian 13 ikawaka bila matata, ssh naingia, nginx inaenda, python3 ipo, git na tmux nimevuta kwa apt kama kawaida, yaani ukikaa kwenye terminal hujui kama uko kwenye kitu kigeni. Kazi niliyoinunulia ni moja tu: msikitini kwetu Tanga tunarekodi darsa za baada ya Alasiri, na kuna feni mbili za juu zinanguruma mpaka ukisikiliza rekodi sheikh utadhani anasomesha akiwa nyuma ya lori. Nikaandika programu ya C, nimeiita `feni` (ubunifu sina najua), inasoma faili la wav, inalikata vipande, inapima mngurumo halafu inaupunguza. Kwenye laptop inafanya safi kabisa.

Sasa nina jamaa yangu yuko Muscat, ana bodi ya RISC-V mpya kuliko yangu, ile yenye chipu ya SpacemiT K1, kori nane. Akaniambia nitumie kodi nikujengee huku, bodi yangu ina kasi. Akajenga, akajaribu kwake inaenda kama upepo, akanitumia bainari (programu iliyokwisha kujengwa). Kwangu inafanya hivi:

```
$ ./feni darsa_14.wav
darsa_14.wav: 44100 Hz, chaneli 1, urefu 41:17
napima mngurumo...
Illegal instruction
```

Na dmesg inasema `feni[1422]: unhandled signal 4 code 0x1` halafu manamba mengi, chini kabisa kuna `cause: 0000000000000002`.

Angalieni kwamba faili inafungua, urefu inasoma vizuri tu, inakuja kufa ikifika kwenye mahesabu. Nimebadilisha adapta ya umeme, nimebadilisha kadi, nimepima RAM usiku kucha, hakuna kitu. `uname -m` kwake inajibu riscv64 na kwangu riscv64. Assembly sijaandika hata mstari mmoja. Si wanasema hii ni standadi moja ya wazi? Mbona kitu cha mwenzangu kinakataa kwangu?

---

Mzee_wa_Solda:

Ushauri wangu bure: iuze, nunua Raspberry Pi, ulale. Mimi hizi bodi nimezishika mbili na zote ziko kwenye boksi chini ya kitanda, moja inawaka HDMI lakini GPU yake ukitaka ifanye kazi lazima ukae na kaneli (moyo wa Linux) ya zamani waliyoitoa watengenezaji wa bodi wenyewe, ukipandisha kaneli mpya picha inabaki lakini kasi hakuna. Hata Google mwaka 2024 waliitoa RISC-V kwenye ile kaneli ya pamoja ya Android wakasema mambo bado yanabadilika kwa kasi hawawezi kutoa imeji moja ya kuwafaa wote. Kama Google wanasema hivyo wewe na feni zako nani?

---

kaneli_na_chai:

Mzee umeanza 😂 hao Google kwenye maneno hayo hayo walisema Android itaendelea kuisapoti RISC-V, hicho kipande umekiruka makusudi. GPU nakubaliana na wewe asilimia mia, ila huyu bwana hana hata skrini, anataka kusafisha sauti.

@feni_mbili bodi yako nzima, usibadilishe kitu tena. Tupe majibu ya hizi mbili kwanza:

```
grep -m1 isa /proc/cpuinfo
readelf -A feni | grep arch
```

Na muulize jamaa wa Muscat aliikompaili (kuigeuza kodi kuwa bainari) kwa flagi gani, asikuambie "kawaida tu", akupe mstari mzima.

---

feni_mbili:

Haya mkuu. Ya kwanza (mwisho nimekata ni ndefu):

```
isa : rv64imafdc_zicntr_zicsr_zifencei_zihpm_...
```

Ya pili:

```
Tag_RISCV_arch: "rv64i2p1_m2p0_a2p1_f2p2_d2p2_c2p0_v1p0_zicsr2p0_...
```

Na jamaa kajibu: `gcc -O3 -march=rv64gcv feni.c -o feni -lm`. Anasema hiyo ndo flagi ya kupata kasi, kaiona mahali. Kwa macho yangu naona hiyo ya pili ina v1p0 ambayo kwangu haipo, ndo hiyo?

---

kaneli_na_chai:

Ndo hiyo hiyo. Umeshajijibu, ngoja nikueleze tu kwa nini, maana hili linawakamata wengi.

Jina "RISC-V" peke yake halikuambii prosesa inajua amri zipi. Kuna msingi mdogo sana, kwa mashine za biti 64 unaitwa rv64i, huo una kujumlisha, kutoa, kulinganisha, kuruka, kusoma na kuandika kwenye memori na vidogo vidogo vya namna hiyo, basi. Hata kuzidisha haumo! Kuzidisha na kugawanya ni nyongeza, herufi M. A ni zile amri za atomiki ambazo kori nyingi zinazihitaji zisigombanie memori, F na D ni namba za desimali, C ni amri zilizofupishwa za biti 16 ili programu isiwe nene. IMAFD ikiwa na Zicsr na Zifencei watu wanaiita G, ukiongeza C unapata rv64gc. Hiyo rv64gc ndo Debian nzima imejengwa juu yake, ndo maana nginx yako na python yako na kila ulichovuta kwa apt kinaenda bila kelele. Waliojenga zile pakeji hawakugusa chochote nje ya herufi ambazo bodi yako inazo.

V ni vekta. Amri moja inafanya hesabu kwenye namba nyingi kwa mpigo, na kwa kazi ya sauti kama yako ni tamu sana. Toleo la 1.0 la vekta lilipitishwa mwisho wa 2021, U74 ilishachorwa zamani haina hicho kitu kabisa. K1 ya mwenzio inacho. Yaani wote wawili mnaongea Kiswahili lakini yeye kakulia kwenye jahazi, akisema "tweka tanga, legeza demani" yeye anaelewa, U74 yako haijawahi hata kufika bandarini, inakodoa macho. Kukodoa macho kwa prosesa ndo hiyo cause 2 uliyoiona kwenye dmesg, 2 maana yake amri siijui. Kaneli ikipata hiyo inaiua programu kwa signal 4.

Utasema lakini mimi sijaandika vekta. Kweli hujaandika wewe, kaandika kompaila. GCC kuanzia toleo la 14 ukimpa `rv64gcv` anaangalia luupu zako za kawaida za `for` na kuzigeuza vekta mwenyewe bila kukuuliza. Kufungua faili na kuchapa urefu hakuna luupu ya maana ndo maana ilipita, ilipofika kwenye kupima mngurumo, ile luupu ya kuzungukia sampuli zote, ikakutana na amri ya kwanza ya vekta ikafa palepale. Thibitisha:

```
objdump -d feni | grep -c vsetvli
```

`vsetvli` ndo amri inayotangulia karibu kila kazi ya vekta, inamuuliza prosesa "unabeba vingapi kwa mara moja". Ikikupa namba yoyote zaidi ya 0, hiyo bainari sio ya kwako.

Dawa: jenga hapo hapo kwenye bodi yako, gcc ya Debian bila flagi ya march inatoa rv64gc yenyewe. Au kama unaona inachelewa jenga kwenye laptop:

```
riscv64-linux-gnu-gcc -O3 -march=rv64gc -mabi=lp64d feni.c -o feni -lm
```

na kabla ya kuihamisha ijaribu kwenye laptop hiyo hiyo kwa `qemu-riscv64 -cpu rv64,v=false -L /usr/riscv64-linux-gnu ./feni darsa_14.wav`. Hiyo QEMU itaigiza prosesa isiyo na vekta, kama kuna kasoro itakufa kwenye laptop kabla hujatembea na faili.

---

otis_wa_breadboard:

Niko Kisumu huku, nimefuata hii thread nikicheka kwa sababu juzi tu mtu aliniambia RISC-V ni vitu vya maabara. Ukifungua vidude vya wifi vya bei rahisi watu wanavyochezea saa hii, ESP32-C3 hiyo ni RISC-V tupu, kori moja 160 MHz. Pico 2 ina kori mbili za Arm na mbili za RISC-V kwenye chipu moja unachagua uwashe zipi. Na kuna kale kadogo ka WCH, CH32V003, RAM kilobaiti 2, hako hata msingi wake umepunguzwa, rv32ec, rejista 16 badala ya 32. Huko chini software haina drama kabisa, kwa sababu mwenye chipu anakupa kompaila na maktaba zake pamoja na unajenga kila kitu mwenyewe, hakuna mtu anakutumia bainari kutoka Muscat 😅

Swali langu liko nje kidogo: kwenye bodi kama hiyo ya U74 mimi nilipiga `pip install numpy` saa tatu usiku, asubuhi naamka bado inajenga, halafu mwisho ikafeli. Hiyo nayo ni mambo ya herufi?

---

kaneli_na_chai:

Hapana, hiyo ni nyingine. Pip ikikosa pakeji iliyojengwa tayari kwa riscv64 inavuta kodi mbichi na kuanza kuijenga hapo hapo, na numpy ni C kwa wingi, kori nne za U74 zitatoka jasho. Usitumie pip kwa vitu vizito, tumia `apt install python3-numpy python3-scipy`, Debian walishazijenga. Vile vidogo ambavyo ni Python tupu ndo vuta kwa pip.

---

Bi_Terminal:

Naongezea la profaili maana herufi zinachosha na kila mtu akija na mchanganyiko wake hatufiki popote. Watu wa RISC-V International (shirika linalosimamia standadi) waliliona hilo, wakaanza kufunga herufi kwenye vifurushi: RVA20, RVA22, na RVA23 iliyopitishwa Oktoba 2024. Ukisikia prosesa ni RVA23 maana yake vekta imo kwa lazima, sio hiari, pamoja na vitu vya hypervisor (kuendesha mashine pepe) na mengine kibao. Ubuntu kuanzia 25.10 wamehamia RVA23, kwa hiyo @feni_mbili usije ukashawishika kuiwekea bodi yako Ubuntu mpya, haitawaka, na hata ile K1 ya Muscat yenye vekta haitawaka maana yenyewe ni ya RVA22. Bodi karibu zote zilizo mikononi mwa watu zimeachwa kwenye 24.04. Debian ndo bado wako rv64gc.

Mimi binafsi naona Ubuntu wamewahi mno, bodi za RVA23 zenyewe wakati wanahamia zilikuwa za kuhesabu kwa vidole. Lakini naelewa hesabu yao, ukibaki kwenye rv64gc milele basi kila programu kwenye distro inatembea bila vekta hata kwenye chipu inayo.

---

Mzee_wa_Solda:

Sasa hapo si ndo nilichosema. Mtu kanunua bodi juzi leo anaambiwa distro mpya haimtaki. Arm 64 ya mwanzo kabisa bado inawaka Debian ya leo.

---

kaneli_na_chai:

Mzee U74 yake pia inawaka Debian ya leo, amesema mwenyewe mstari wa pili 😂. Na kumbuka umri. Hii kitu imeanza Berkeley 2010 kama zana ya kufundishia na utafiti, ikaingia kwenye Linux 4.15 mwanzoni mwa 2018, Debian wameikubali rasmi 2023 na toleo la kwanza kutoka nayo ni hilo hilo 13 analotumia yeye, Agosti 2025. Kuna kazi ya miaka mingi ya watu kukaa kurekebisha pakeji moja moja hapo, V8, OpenJDK, Go, Rust, kila kimoja kilibidi kifundishwe. Kwamba mtu wa Tanga anapiga apt na kila kitu kinaingia bila yeye kujua, mimi hapo navua kofia.

@feni_mbili kama unataka bainari moja iende kwako na kwa jamaa kila mmoja kwa kasi yake inawezekana. Toa ile luupu nzito iweke faili lake, iite hesabu.c, halafu:

```
gcc -O3 -march=rv64gc  -DJINA=punguza_kawaida -c hesabu.c -o h1.o
gcc -O3 -march=rv64gcv -DJINA=punguza_vekta   -c hesabu.c -o h2.o
gcc -O2 -march=rv64gc  feni.c h1.o h2.o -o feni -lm
```

na ndani ya feni.c iulize kaneli mwanzoni mara moja tu kama prosesa ina V:

```
int vekta = (getauxval(AT_HWCAP) >> ('V' - 'A')) & 1;
```

ikiwa 1 ita ya vekta, ikiwa 0 ita ya kawaida. Kaneli iwe 6.5 au zaidi, chini ya hapo Linux ya kawaida haikuwa inaruhusu programu kugusa vekta. Ukishafanya hivyo ile `readelf -A` itakuonyesha tena v1p0 usishtuke, inajumlisha vyote vilivyomo ndani ya faili.

---

Bi_Terminal:

Tahadhari moja kwenye hiyo ya HWCAP. Kuna chipu zenye kori za C906 na C910 zilitoka na vekta ya rasimu, 0.7.1, kabla ya standadi kufungwa. Baadhi ya kaneli za kiwandani za chipu hizo zinaandika v kwenye cpuinfo kana kwamba ni ile ya 1.0, lakini amri zake zimepangwa tofauti. Programu ikiuliza inajibiwa ndio ninayo, ikiingia inakufa vilevile kwa signal 4. Kuanzia Linux 6.4 kuna syscall (njia ya programu kuiuliza kaneli) ya `riscv_hwprobe`, hiyo imetengenezwa kwa ajili ya maswali haya haya, inakupa jibu la nyongeza moja moja badala ya herufi tu. Kwa nyie wawili wenye U74 na K1 HWCAP inatosha, ila ukija kuiweka hadharani watu waitumie, tumia hwprobe.

---

kaneli_na_chai:

Kweli, hilo nililisahau, na limeshaniuma mimi mwenyewe kwenye bodi ya C910. Asante Bi T.

---

feni_mbili:

Wakuu nimerudi, samahani umeme ulikatika jana kuanzia Magharibi.

Kwanza objdump ya bainari ya Muscat imenipa 212. Mia mbili na kumi na mbili! Na mimi nilivyokuwa nabadilisha adapta.

Nikajenga hapa hapa kwa rv64gc, ikachukua sekunde chache tu, sijui kwa nini nilikubali kusaidiwa 😂. Darsa ya dakika 41 inamaliza kwa dakika 9 na nukta kadhaa. Halafu nikafanya ile ya mafaili mawili, kwangu imebaki hapo hapo dakika 9, kwa jamaa kule kwenye K1 faili hilo hilo limemaliza chini ya dakika 3. Ameshaanza kunitambia. Kwangu 9 zinatosha, darsa inaisha saa kumi na moja na nusu, mpaka tukitoka Magharibi rekodi iko kwenye grupu.

Imamu kasikiliza ya kwanza leo akauliza feni zimezimwa siku hiyo? Nikamwambia hapana. Kasikiliza tena akasema lakini na sauti yangu mbona imekuwa kama naongea kwenye mtungi. Kwa hiyo nadhani napunguza sana kwenye masafa ya chini, hapo ni hesabu zangu sio prosesa.

---

otis_wa_breadboard:

Hiyo ya mtungi ni kawaida, ukitoa mngurumo wote wa chini unaondoka na kifua cha mtu. Acha kidogo, usishushe mpaka sifuri, weka sakafu kama asilimia 10 au 15 ya ule mngurumo ibaki. Na ile numpy ya apt imeingia kwa dakika moja, nilikesha bure.

---

Mzee_wa_Solda:

Haya tuma hiyo kodi na mimi niitoe ile moja chini ya kitanda nijaribu. Ile isiyo na GPU.

---

feni_mbili:

Nakutumia inbox mzee. Angalia kwanza cpuinfo yako kama ina v, na ukiikuta tuambie kori ni ipi kabla hujaiwasha.